Hataki, au Hawezi?



Liko neno moja linalosemwa sana katika nyumba zetu na katika shule zetu, nalo ni hili: "Mtoto huyu hataki." Hataki kusikia, hataki kukaa, hataki kusoma, hataki kumaliza kazi aliyoianza. Neno hili ni fupi, walakini ni hukumu nzima. Maana mtu akisema kwamba mtoto hataki, amekwisha kusema pia kwamba angaliweza kama angalitaka, na kwa kuwa angaliweza, astahili kupigwa. Mwezi huu twapenda kulitazama neno hili pamoja nanyi, tuulize: Je, twajuaje kwamba hataki? Na kama kumbe hawezi, kosa ni la nani, la mtoto yule, au la sisi tuliomhukumu?

Jambo hili latuhusu sana sisi tukaao Tegeta na majirani zetu wa Wazo, Kunduchi, Boko na Bunju. Mji wetu umekua upesi. Wazee wakumbuka siku ambazo huku kulikuwa mashamba na vichaka, na kiwanda cha saruji cha kilima cha Wazo kilionekana toka mbali. Leo nyumba zimesongamana pande zote, na barabara ya Bagamoyo haina usingizi. Watoto wengi huamshwa saa kumi na moja, wengine saa kumi alfajiri, ili wapande gari la shule, nao hurudi jua likichwa. Tena tangu mwaka 2016, serikali ilipoondoa ada na michango, watoto wameingia shuleni kwa wingi. Jambo hilo ni la kushukuru. Lakini si ajabu siku hizi kumkuta mwalimu mmoja amesimama mbele ya watoto themanini au mia. Katika darasa la namna hiyo sifa ya kwanza ya mtoto mwema ni kutulia. Asiyetulia huonekana upesi, na fimbo humfikia upesi vilevile.

Tuseme yuko mtoto wa miaka tisa. Atumwa dukani kununua chumvi. Njiani aona mafundi wakifungua pikipiki, asimama kutazama, naye asahau chumvi na fedha pia. Darasani hesabu ya kwanza aifanya vizuri, ya pili aiacha katikati, ya tatu haipo kabisa. Ajibu kabla swali halijaisha. Kalamu yake yapotea kila juma. Siku ya Jumatatu apigwa, aahidi kwa machozi kwamba hatarudia, na ahadi yake ni ya kweli. Siku ya Jumanne ayatenda yale yale. Basi watu husema, "Moyo wake ni mgumu." Lakini mtazameni tena: mwenye moyo mgumu haahidi kwa machozi. Mtoto huyu ajishangaa mwenyewe kuliko sisi tunavyomshangaa.

Tena yuko binti wa darasa lile lile, ambaye hasumbui mtu. Akaa kimya karibu na dirisha, na mawazo yake yako mbali. Yeye hapigwi sana, ila huitwa mzito. Kwa kuwa hapigi kelele, hakuna amwangaliaye, na mwaka baada ya mwaka huachwa nyuma na wenzake, ijapokuwa akili zake ni nzuri kama zao.

Madaktari hufundisha kwamba baadhi ya watoto hawa wana upungufu wa umakini na utulivu. Ulaya na Marekani huuandika kwa herufi nne, ADHD. Watu wengi husikia habari hiyo na kucheka, wakidhani ni jina lililobuniwa jana ili wazazi wasioweza kulea wapate pa kujificha. Sivyo. Mwaka 1798 daktari Alexander Crichton wa Uskoti aliandika kitabu juu ya maradhi ya akili, na ndani yake alieleza habari za watu ambao tangu kuzaliwa hawawezi kuyashikiza mawazo yao mahali pamoja. Mwaka 1845 daktari Heinrich Hoffmann wa Frankfurt, Ujerumani, alitoa kitabu cha picha kwa watoto, na mmoja wa watoto wa kitabu hicho ni mvulana asiyeweza kutulia mezani. Mwaka 1902 daktari George Still aliwahutubia madaktari wenzake mjini London juu ya watoto wenye akili timamu ambao hata hivyo hawawezi kujizuia. Naye aliona kwamba upungufu wao ni wa nguvu ile ituongozayo katika mema na mabaya. Mwaka 1937 daktari Charles Bradley, katika jimbo la Rhode Island, Marekani, aliona ajabu: dawa iwaamshayo watu wazima iliwafanya baadhi ya watoto hawa watulie na kusoma. Mwaka 1980 wataalamu wa Marekani waliupa hali hii jina la upungufu wa umakini, na mwaka 1987 waliongeza neno la kutotulia. Nalo Shirika la Afya Duniani limeuandika katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022.

Angalieni basi njia ambayo wanadamu wameipita kwa miaka mia mbili. Mara waliona ubaya wa malezi, mara ubaya wa moyo, mara kasoro ya mwili, na kila walipobadili jina walibadili pia namna ya kumtendea mtoto. Kwa hiyo swali letu si la madaktari peke yao. Ni swali la haki. Mtu awaye yote amwitaye mtoto kwa jina, ameamua pia jinsi atakavyomtendea.

Wengine husema, "Hayo ni maradhi ya Wazungu." Lakini mwaka 2005 ilitolewa habari ya uchunguzi uliofanywa Kinshasa, katika nchi ya Kongo, kwa watoto wa shule, walimu wao walipoulizwa, hali hii ilionekana kwa watoto wapatao 6 katika kila 100. Mwaka 2017 ilitolewa habari ya watoto waliohudhuria kliniki za maradhi ya ubongo na akili katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Miongoni mwao walikuwa 11 katika kila 100, wala si ajabu wakiwa wengi zaidi mahali pa kutibia. Katika dunia nzima hesabu ya watoto hukaribia 5 katika 100. Tena uchunguzi wa mapacha umeonyesha kwamba hali hii hurithiwa kwa sehemu kubwa, kama urefu wa kimo unavyorithiwa. Mara nyingi baba amchapaye mwanawe kwa kusahau, yeye mwenyewe aliwahi kuchapwa kwa kosa lile lile na baba yake.

Sasa tuseme juu ya kupima, maana hapo ndipo watu wengi hawaelewi. Wadhani daktari atatoa damu, au atapiga picha ya kichwa, kisha ataleta jibu kama lile la malaria. Hapana kipimo cha namna hiyo. Kupima upungufu wa umakini ni kazi ya kusikiliza mashahidi. Kwa kanuni zilizoandikwa na wataalamu wa Marekani mwaka 2013, ziko alama 18 katika mafungu mawili, 9 za kutoshika mawazo, na 9 za kutotulia na kutenda kwa pupa. Mtoto ataonekana kuwa na upungufu huu akiwa na alama 6 au zaidi katika fungu moja. Mtu wa miaka 17 na zaidi, alama 5 zatosha. Alama hizo ziwe zimedumu miezi 6 au zaidi, na baadhi yake ziwe zilionekana kabla hajatimiza miaka 12. Zionekane mahali pawili au zaidi, kama nyumbani na shuleni. Ziwe zamzuia kweli katika kazi yake na maisha yake. Na mwisho, pasiwe na sababu nyingine iliyo bora ya kuzieleza.

Wasomaji wetu waliokaa katika mabaraza ya wazee watalitambua jambo hili upesi. Mzee mwenye hekima hakati shauri kwa neno la mtu mmoja. Huita upande huu na upande huu. Huuliza jambo lilianza lini. Huuliza kama kuna jingine lililofichwa. Mtoto atulivuye nyumbani, lakini hatulii shuleni, huenda shuleni kuna jambo linalomtisha. Na yule atulivuye shuleni, lakini nyumbani ni mtukutu, yatupasa kuitazama nyumba. Fimbo haiulizi lolote kati ya haya. Fimbo ni hakimu asiyeita shahidi.

Zaidi ya hayo, mpimaji mwema hutafuta kwanza mambo mengine yafananayo na upungufu huu. Huenda mtoto hasikii vizuri kwa sababu sikio lilitoa usaha alipokuwa mdogo. Huenda haoni ubaoni. Huenda ana kifafa cha namna ile isiyoangusha, ambacho humfanya azubae kwa nukta chache tu, mara nyingi kwa siku, na watu hudhani anaota ndoto. Huenda ana minyoo na damu imempungua. Huenda alala saa sita tu, kwa sababu ya gari lile la alfajiri. Huenda usiku husikia baba na mama wakigombana, na mchana mawazo yake hayatoki pale. Tena liko jambo la kwetu hasa: malaria iliyopanda kichwani. Uchunguzi wa Uganda uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha kwamba miaka miwili baada ya kupona ugonjwa huo, mtoto 1 kati ya 4 alikuwa na upungufu katika kazi za akili. Na uchunguzi uliotangulia mwaka 2007 ulikuwa umeonyesha kwamba nguvu ya kushika mawazo ni miongoni mwa zilizodhurika. Wazazi walimshukuru Mungu kwamba mtoto amepona, na ni haki yao kushukuru. Lakini shuleni aliitwa mvivu, wala hakuna aliyekumbuka homa ile.

Hapo twafika kwenye kiini cha shauri letu. Tumezoea kudhani kwamba kuna mambo mawili tu, kutaka na kuweza. Mtu hutaka au hataki. Huweza au hawezi. Lakini katikati yake liko jambo la tatu, nalo ni kushika. Mtu hutaka asubuhi, naye hana budi kukushika kutaka kwake mpaka jioni, katikati ya kelele, na njaa, na mambo mapya yapitayo mbele ya macho yake. Wengi wetu tumepewa nguvu hiyo ya kushika bila kuiomba, hata hatujui kwamba tunayo, kama mtu mzima asivyojua kwamba anapumua. Mtoto wetu wa chumvi alitaka kweli kuleta chumvi. Kutaka kwake kulivuja njiani.

Yeye ni kama mtu ateka­ye maji kwa mtungi wenye ufa. Afika nyumbani, maji ni nusu. Ukimpiga kwa sababu ya maji yaliyopotea, kesho atakimbia zaidi, na mtungi utavuja vilevile. Ukitaka maji, uzibe ufa kama unazibika. Au umpe mtungi mwingine. Au umchimbie kisima karibu. Na kabla ya hayo yote, uutazame mtungi. Kupima ndiko kuutazama mtungi.

Walakini yako maneno manne yasemwayo kupinga shauri hili, nayo yastahili kujibiwa kwa heshima, maana si maneno ya kijinga.

Kwanza, wazee husema, "Samaki mkunje angali mbichi," na tena, "Mcha mwana kulia hulia yeye." Je, twataka kuyaacha mafundisho ya wazee? Hata kidogo. Mtoto mwenye upungufu huu ahitaji malezi zaidi kuliko wenzake, wala si pungufu. Ahitaji amri fupi, moja moja. Ahitaji saa za kula, za kulala na za kusoma zisizobadilika. Ahitaji sifa papo hapo atendapo vema, na kuonywa papo hapo akosapo, kwa maana neno la juzi halimfai. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kuchapa. Wazee walisema tumkunje samaki; hawakusema tumvunje. Naye mvuvi ajua kwamba samaki hawa si wa namna moja.

Pili, wengine husema, "Ukimpa mtoto jina la ugonjwa, umempa udhuru. Atasema daima: mimi ndivyo nilivyo." Hofu hii ina kweli ndani yake. Lakini fikirini habari ya mtu asiyeona vizuri. Kabla hajapimwa, akikosa kusoma barua alaumiwa bure. Akisha kupimwa na kupewa miwani, kisha akaiacha kabatini, hapo alaumiwa kwa haki. Kujua hakuondoi wajibu; huuhamisha. Mtoto ajuaye kwamba husahau, ana wajibu wa kuandika. Mtu mzima ajuaye kwamba hasira yake hutangulia mawazo yake, ana wajibu wa kutoka nje kabla hajasema. Na akisha kuumiza, ana wajibu wa kuomba radhi na kulipa, kama mtu mwingine yeyote. Asipojua, twamdai asichoweza, tena twaacha kumdai kile awezacho.

Tatu, wengine husema, "Mtawaita wagonjwa watoto walio wazima." Hofu hii ni ya kweli kabisa, na wapenda kupima na waisikie. Mwaka 2012 ilitolewa habari ya uchunguzi wa watoto zaidi ya 900,000 wa jimbo la British Columbia, Kanada. Huko watoto huingia shule kwa mwaka wa kuzaliwa, hata aliyezaliwa Desemba hukaa darasani na aliyemzidi karibu mwaka mzima. Wavulana waliozaliwa Desemba walipewa jina la upungufu huu zaidi kwa sehemu 30 katika 100 kuliko wale wa Januari, na wasichana kwa sehemu 70. Basi wengine kati yao hawakuwa na upungufu wowote; walikuwa wadogo tu. Utoto wao ulihesabiwa kuwa ugonjwa. Sisi nasi, ambao huku Tegeta twakimbilia kumwingiza mtoto darasa la kwanza mapema ili awapite wenzake, tuliangalie jambo hilo.

Tena iko habari ya Waariaal, wafugaji wa kaskazini ya Kenya. Mwaka 2008 wataalamu walitoa habari ya chembe moja ya urithi, ambayo uchunguzi mwingine umeihusisha na upungufu huu wa umakini. Kati ya wanaume waliokuwa bado wakihamahama na mifugo, wenye chembe ile walionekana kuwa na afya ya mwili iliyo bora kuliko wenzao. Kati ya wale waliokwisha kukaa vijijini, wenye chembe ile ile walionekana kuwa dhaifu zaidi. Uchunguzi mmoja wa watu wachache haukati shauri. Lakini watufundisha kuuliza swali jema. Huenda macho yale yasiyotulia, ambayo darasani ni hasara, malishoni huona simba kabla ya wengine. Basi upungufu uko ndani ya mtoto, au uko kati ya mtoto na benchi alilokalishwa?

Jibu letu ni kwamba mara nyingi uko pote pawili, na kwa hiyo wajibu nao uko pote pawili. Si haki kumnywesha mtoto dawa kwa sababu darasa lina watu mia. Lakini pia si haki kumwambia mzazi angoje mpaka madarasa yapungue, na huku mwanawe aangamia. Iko dawa iitwayo methilfenideti, ambayo huwasaidia watoto wengi kushika mawazo yao. Nayo huweza kupunguza hamu ya chakula na usingizi, kwa hiyo haitolewi ila na daktari amwangaliaye mtoto mara kwa mara. Hatumwambii mzazi aitumie, wala hatumwambii aikatae. Twamwambia asiamue gizani.

Nne, wengine husema, "Maneno haya ni mazuri, lakini nani atampima mwanangu?" Hilo ndilo neno zito kuliko yote. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba Tanzania ina watu 61,741,120. Madaktari bingwa wa maradhi ya akili ni makumi tu, na wale waliojifunza hasa habari za watoto ni wachache zaidi. Iko idara ya maradhi ya akili katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, pale Upanga. Lakini mama muuza mboga wa Tegeta akienda huko hupoteza siku nzima ya biashara, pamoja na nauli, na kurudi tena mara ya pili na ya tatu. Haki ipatikanayo kwa wenye nafasi tu bado si haki kamili. Hilo hatulifichi, nalo latupasa sisi sote, kanisa na serikali, kulifikiria kama deni.

Hata hivyo historia ya nchi yetu yatuonyesha kwamba milango ya namna hii hufunguka. Kule Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisioni walifungua mwaka 1896 nyumba ya watoto waliokombolewa utumwani. Nayo mwaka 1904 ikawa nyumba ya kuwatunza wenye maradhi ya akili, wakati ambapo wengi wa namna hiyo walifungwa kamba tu. Kule Mahenge, karibu mwaka 1960, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwe, aliwakuta wenye kifafa wakiogopwa, wakitengwa, wakianguka motoni na kuungua. Alianzisha kliniki ya kuwatibu. Watu waliokuwa wakihukumiwa kuwa na laana walionekana kuwa wagonjwa wanaohitaji vidonge kila siku. Hawakubadilika wao kwanza. Kwanza lilibadilika neno walilosemewa.

Nasi tusiokuwa madaktari, yako mambo tuyawezayo bila nauli ya kwenda Upanga. Mzazi aandike katika daftari, kwa muda wa majuma mawili: Mtoto alilala saa ngapi? Alikula nini kabla ya kwenda shule? Alikosa kutulia wapi, lini, na katika kazi gani? Na ni wapi alipotulia vizuri? Kisha amwulize mwalimu maswali yale yale, bila ugomvi. Ampeleke kituo cha afya, apimwe masikio, macho na damu. Akienda baadaye kwa mtaalamu, daftari lile litakuwa shahidi mwema kuliko maneno mengi. Mwalimu naye amkalishe mbele, mbali na dirisha na mlango; ampe kazi fupi fupi; amtume kufuta ubao au kuchota maji, ili miguu ipate haki yake. Nasi tufundishao watoto wa kipaimara tujue kwamba yuko mtoto awezaye kuelewa neno vizuri kuliko wote, naye hawezi kulikariri kwa kufululiza. Na aulizwe kidogo kidogo, asihesabiwe kuwa mwasi.

Juu ya fimbo twasema neno moja tu. Kanuni za serikali za mwaka 2002 zasema kwamba viboko shuleni visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, kwa kosa zito, na viandikwe kitabuni. Kusahau kalamu si kosa zito. Na hata pale sheria iruhusupo, dhamiri yauliza zaidi ya sheria: Je, pigo hili laweza kumpa mtoto kile anachokosa? Kama haliwezi, twampiga kwa faida ya nani?

Mwisho, tusiwasahau watu wazima, maana upungufu huu hauishi daima pamoja na utoto. Katika watu wazima 100 wa dunia, wapata 2 au 3 wenye nao. Ni fundi hodari ambaye huanza kazi tano wala haimalizi hata moja, na wateja wamemkimbia. Ni mama ambaye nyumba yake haina mpango, ingawa achoka kuliko jirani zake. Ni kijana aliyebadili kazi mara saba kwa miaka mitatu. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani, pamoja na wataalamu wa Marekani, lilitoa maswali 18 kwa ajili ya watu wazima, na 6 ya kwanza hutumika kama mlango. Kuyajibu si kupata hukumu; ni kujua kama inafaa kwenda kwa mtaalamu. Tumewaona watu waliojidharau miaka mingi, na walipoelezwa hali yao walilia, kwa uchungu na kwa furaha pamoja. Maana walipata kujua kwamba hawakuwa watu wabaya, na ya kuwa bado wana kazi ya kufanya.

Hilo ndilo jambo tuliogopalo kuliko yote. Mtoto aambiwaye kila siku kwamba ni mbaya, siku moja husadiki. Mpaka siku hiyo alikuwa akipigana na udhaifu wake. Tangu siku hiyo huacha kupigana. Uchunguzi wa nchi nyingi waonyesha kwamba wenye hali hii wasiposaidiwa huacha shule zaidi, hupata ajali zaidi, na hunaswa na ulevi zaidi kuliko wenzao. Ndipo sisi husema, "Tulijua tangu mwanzo kwamba hataki." Kumbe hatukujua, tulisema tu, na neno letu likamtengenezea njia.

Basi, ndugu zetu, kabla hamjasema kwamba mtoto hataki, jiulizeni mambo matatu: Nimemsikia shahidi wa pili? Nimetazama masikio yake, macho yake, usingizi wake na chakula chake? Na siku zile alizotenda vema, nimeona ni nini kilichomsaidia? Aliyekwisha kujibu haya kwa kweli, na aseme neno lake. Wengi wetu tukijibu, tutaona kwamba mtoto alikuwa akitaka muda wote.